NI NANI AWEZAYE KUANZISHA KAMPUNI NA KUWA MKURUGENZI WAKE?

Msimu wa ndengu unapokwisha, magari ya wanunuzi hufika Ikutha, mengine kwa njia ya Kibwezi na mengine kwa njia ya Mutomo. Mwenye gari ndiye atajaye bei. Mkulima mwenye magunia mawili hana la kujibu, maana hana ghala, wadudu hawangoji, na ada ya shule yadaiwa. Basi si ajabu wakulima wakiulizana chini ya mti: kwa nini tusiandikishe kampuni yetu wenyewe, tukusanye mazao yetu mahali pamoja, tukodi gari letu, tukauze Nairobi au Mombasa kwa bei ya huko?

Ni shauri jema. Lakini mara tu linapotajwa, huja maswali. Je, mtu asiyesoma sana aweza kuwa mkurugenzi? Mwanamke je? Aliye na deni la benki? Na sisi tulio katika mashamba ya makazi, twaweza kuweka shamba ndani ya kampuni? Maswali haya yafaa kujibiwa kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja, kwa kuwa makampuni ya wakulima nchini Kenya yamekwisha kuleta faida kubwa mahali pengine, na mahali pengine yameleta kesi zisizokwisha.

KAMPUNI NI MTU MBALI

Kwanza fahamu kampuni ni kitu gani. Kampuni ikiisha kuandikishwa, machoni pa sheria ni mtu. Ina jina lake, yaweza kununua mali, kushtaki na kushtakiwa, na kuwa na deni. Si wewe, hata kama wewe ndiye mwenye hisa zote.

Jambo hili liliamuliwa Uingereza zamani, na kesi ile yatajwa mpaka leo katika mahakama zetu. Mwaka 1892 mtu mmoja wa London, fundi wa viatu na ngozi jina lake Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilitaka watu 7, naye akawaandikisha mkewe na watoto wao 5. Katika hisa 20,007, yeye alikuwa na 20,001, na wale wengine kila mmoja hisa moja. Biashara ikaanguka. Wadai wakasema, huyu bwana na kampuni yake ni kitu kimoja, alipe kwa mali yake mwenyewe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa. Kampuni, walisema majaji, ni mtu mbali na wenye hisa wake.

Hii ndiyo maana ya neno "limited" unaloliona mwisho wa majina ya makampuni. Hasara ya mwenye hisa ina mpaka. Ukiahidi hisa za shilingi 5,000 na umekwisha kuzilipa, kampuni ikifilisika umepoteza shilingi 5,000, na mbuzi wako hawaguswi. Lakini angalia sana: benki zajua jambo hili kuliko sisi. Kampuni changa ikienda kukopa, benki huwaambia wakurugenzi watie sahihi zao wenyewe kuwa wadhamini. Ukitia sahihi hiyo, umeubomoa ukuta kwa mkono wako, na mbuzi wanaweza kuchukuliwa. Na yule anayeendesha kampuni kwa hila ili kuwadhulumu wadai, mahakama yaweza kumtoza yeye mwenyewe. Ukuta wa kampuni haukujengwa kuwaficha wezi.

NANI AWEZA?

Sheria tunayoitumia leo ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015. Sheria ya zamani, Sura ya 486, ilitaka watu wasiopungua wawili kuanzisha kampuni ya binafsi. Sheria ya 2015 imepunguza: sasa hata mtu mmoja aweza kuianzisha, akawa mwenye hisa na mkurugenzi pia. Kampuni ya umma, yaani ile inayoweza kuuza hisa kwa watu wote, lazima iwe na wakurugenzi wawili au zaidi.

Mkurugenzi sharti awe ametimiza miaka 18. Kampuni yaweza kuwa mkurugenzi wa kampuni nyingine, lakini lazima awepo angalau mkurugenzi mmoja aliye binadamu mwenye mwili na damu, ili akitafutwa aonekane. Ndiyo hayo. Sheria haikutaja cheti cha shule. Haikusema awe mwanamume, wala haikusema mke aombe ruhusa kwa mumewe. Haikusema hata awe na hisa katika kampuni hiyo, isipokuwa kama kanuni za kampuni yenyewe zimeagiza hivyo. Mama anayeuza ndengu soko la Ikutha, mwenye kitambulisho na namba ya kodi, ana haki ile ile aliyo nayo mwenye duka la jumla.

Ni nani basi asiyeweza? Wa kwanza ni aliyetangazwa na mahakama kuwa mfilisi na bado hajafunguliwa. Hapa watu wengi huchanganya. Kuwa na deni si kuwa mfilisi. Mtu aweza kudaiwa na benki, na duka, na shemeji yake, na bado akawa mkurugenzi halali. Mfilisi ni yule ambaye amri ya mahakama imetolewa juu yake. Huyo hawezi kuongoza kampuni bila idhini ya mahakama.

Wa pili ni aliyekatazwa na mahakama kuwa mkurugenzi kwa sababu ya makosa katika kuendesha kampuni. Katazo hilo laweza kufika miaka 15. Na mtu wa namna hii asijidanganye kwamba atamweka mpwa wake kwenye karatasi na yeye akae nyuma ya pazia akitoa amri. Sheria yamjua. Humwita mkurugenzi wa kivuli, yaani yule ambaye wakurugenzi walioandikwa wamezoea kufuata maagizo yake, naye hubebeshwa mzigo wa ukurugenzi.

HESABU YA HAMSINI

Sasa tufike pale wakulima wengi wanapojikwaa. Tuseme kikundi cha mwethya cha Ikutha kina watu 120. Wamezoea kulimiana na kuchimbiana mitaro, na sasa wanataka kuwa kampuni ya binafsi. Hawawezi. Kampuni ya binafsi haiwezi kuwa na wenye hisa zaidi ya 50, bila kuhesabu wafanyakazi wake wenye hisa. Tena haiwezi kualika watu wote kununua hisa, na hisa zake haziuzwi ovyo, kwa kuwa kanuni zake lazima ziweke mipaka ya kuzihamisha.

Hapo ndipo hutokea mtu mwerevu akasema: "Hapana shida. Tuandike majina matano tu kwa niaba ya wote, na wengine tutawapa risiti." Mkulima, ukisikia maneno hayo, simama. Risiti si hisa. Mwenye kampuni ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la wenye hisa. Wale watano wakigombana, au wakifa, au wakiona ghala limepata bei nzuri, wale 115 watabaki na vipande vya karatasi. Watoto wa wale watano watasema kwa haki kabisa kwamba baba yao ndiye aliyeandikwa.

Wala hili si jambo la kuwaziwa tu. Baada ya uhuru, makampuni mengi ya kununua ardhi yalianzishwa ili wananchi wachange na kununua mashamba makubwa ya walowezi. Mengine yaliwapatia watu makao, na wajukuu wao wanalima huko mpaka leo. Lakini katika mengine, hisa moja iliuzwa kwa watu wawili, daftari likapotea, mikutano haikuitishwa miaka nenda miaka rudi, na wakurugenzi wakagawa ardhi wanavyopenda. Mambo yalizidi hata mwaka 1986 Rais Moi akaagiza makampuni hayo yagawe ardhi kwa wenyewe na yavunjwe. Mengi hayakuvunjwa, na kesi zake zilisikilizwa miaka mingi baadaye.

Huku kwetu Ukambani watu wanalikumbuka shamba la Malili. Lilikuwa mali ya kampuni yenye wenye hisa wengi, na mwaka 2009 Serikali ilinunua humo ekari 5,000 za kujenga mji wa Konza. Fedha za mauzo zilileta ugomvi mrefu kati ya wenye hisa na waliokuwa wakishika mambo ya kampuni, ukafika mpaka mahakamani. Ukiwauliza wakulima waliopitia mambo kama hayo kosa lilianza wapi, hawasemi lilianza siku fedha zilipoingia. Lilianza zamani, siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa akiuliza daftari liko wapi.

Siku hizi kuuliza ni rahisi. Msajili wa Makampuni hutoa karatasi iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni ni nani na nani ana hisa ngapi. Huna haja ya kuwa mkurugenzi ili kuiomba. Huombwa kwa njia ya eCitizen kwa ada ndogo. Kama umechanga fedha katika kampuni yo yote, itazame CR12 yake kwa macho yako. Jina lako lisipokuwamo, nenda kwa wakurugenzi siku hiyo hiyo, usingoje mkutano wa mwaka.

KAMPUNI AU USHIRIKA?

Kwa kikundi kikubwa, pengine chama cha ushirika kitafaa kuliko kampuni. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka hesabu ya chini ya watu 10 kwa chama cha msingi, na haikuweka ukomo wa 50. Tena yapo tofauti makubwa katika kura. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na magunia 2 au 200, wala mtu mmoja hawezi kushika zaidi ya sehemu moja katika tano ya hisa zote. Katika kampuni, kwa kawaida kura hufuata hisa. Mwenye hisa 60 katika 100 ndiye atakayechagua wakurugenzi, hata kama wenzake 40 wenye hisa moja moja wote watapiga kelele.

Mwandishi huyu haoni kwamba jambo hilo ni baya kwa kila hali. Mtu aliyetoa fedha nyingi kununua mashine ya kusafisha ndengu ana sababu ya kutaka sauti kubwa. Ubaya ni pale wengine walipodhani wanaingia katika mwethya, kumbe wanaingia katika biashara ya mtu. Kwa hiyo ulizeni mapema: hisa ngapi kwa nani? Mwenye zaidi ya robo ya kura aweza kuzuia kanuni za kampuni zisibadilishwe, maana mabadiliko hayo hutaka robo tatu ya kura. Mwenye zaidi ya nusu aweza kumtoa mkurugenzi na kumweka mwingine.

Na makampuni ya wakulima wengi hayakosi kufanikiwa. Wakulima wadogo wa chai wa milimani wana viwanda vyao ambavyo ni makampuni. Wao ndio wenye hisa na ndio huchagua wakurugenzi. Huko nako kuna mabishano kila uchaguzi ukifika, lakini majani yanachumwa, yanapikwa na yanauzwa ng'ambo.

Kuna pia njia ya tatu, nayo yafaa Ikutha kuifikiria. Wakulima wote 120 wakae katika chama chao cha ushirika, kisha chama chenyewe kiwe ndicho mwenye hisa katika kampuni ndogo ya kuuza mazao. Chama ni mtu mmoja kisheria, kwa hiyo hesabu ya 50 haiwagusi. Hapo mwenye hisa ni wote, na wakurugenzi wa kampuni wanajibu kwa chama.

MZIGO WA MKURUGENZI

Kuitwa mkurugenzi ni sifa, na watu huipenda. Lakini sheria imemwekea mkurugenzi wajibu ambao hawezi kuukwepa kwa kusema hakujua. Lazima afuate katiba ya kampuni. Lazima atafute mafanikio ya kampuni kwa faida ya wenye hisa wote, si ya ukoo wake. Lazima aamue kwa akili yake mwenyewe, na kwa uangalifu wa mtu mwenye busara aliyepewa kazi kama hiyo.

Tuchukue mfano. Mkurugenzi mmoja ana lori. Kampuni yahitaji lori la kupeleka magunia Mombasa. Je, ni haramu kulikodi lake? Si haramu. Lakini lazima awaambie wakurugenzi wenzake waziwazi, "Lori hili ni langu," kabla hawajaamua. Akinyamaza na lori likakodiwa kwa jina la mkewe, amevunja sheria, hata kama bei ilikuwa ya haki. Vivyo hivyo mnunuzi akimpelekea mkurugenzi mbuzi "wa asante" ili ndengu za kampuni ziende kwake, mbuzi huyo ni wa kukataliwa.

Tena kuna kazi za karatasi. Mkurugenzi akibadilika, Msajili aarifiwe ndani ya siku 14. Kila mwaka kampuni hupeleka taarifa yake kwa Msajili, na hesabu za kodi kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha. Hata kama haikuuza gunia moja, yapasa kupeleka. Ikichelewesha hesabu za kodi ya mapato hutozwa shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Wako vijana walioandikisha kampuni kwa furaha, wakaiacha ilale, na baada ya miaka mitatu wakakuta deni la faini linawangoja. Kama huna biashara bado, usiandikishe kampuni kwa ajili ya kupigisha muhuri tu.

NA SHAMBA LAKO JE?

Hapa nasema hasa na wewe uliye katika shamba la makazi. Wazee wa Makueni walipewa mashamba yao katika makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1940, baada ya vichaka vya mbung'o kufyekwa, na wengine wengi nchini walipata yao baada ya uhuru kwa mkopo wa Serikali. Shamba ambalo bado lina deni la mfuko wa makazi halihamishwi wala kuwekwa rehani kwa kutaka kwako tu. Kabla ya kulitaja mbele ya kampuni, fika ofisi ya ardhi na makazi uulize hati yako ina nini juu yake.

Hata hati ikiwa safi, kuhamisha shamba la kilimo kwa kampuni kwahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, na bila idhini hiyo mapatano ni bure. Bodi haiwezi kuikubali kampuni ya binafsi ambayo wenye hisa wake si raia wa Kenya wote. Hata hisa za kampuni ya binafsi yenye shamba la kilimo haziuzwi bila idhini hiyo. Na kwa Katiba ya mwaka 2010, kampuni yenye mgeni mmoja tu katika wenye hisa haihesabiwi kuwa ya raia katika mambo ya ardhi. Haipati zaidi ya kukodi kwa miaka 99. Kwa hiyo akija mtu kutoka ng'ambo mwenye moyo mwema akataka hisa chache, mkaribisheni chakula, lakini wakili asikilizwe kwanza.

Na shamba ambalo familia inakaa juu yake, haliwekwi rehani kwa deni la kampuni bila mke au mume kukubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema hivyo.

Kwa maoni yangu, shamba na lisiingie katika kampuni kabisa. Kampuni ya kuuza ndengu haihitaji shamba lako. Yahitaji ndengu zako, na fedha kidogo za magunia, mizani na kodi ya ghala. Shamba libaki lako, na biashara ikianguka utapanda tena mvua ya Oktoba ikinyesha.

KWENDA KUANDIKISHA

Mkiisha kupatana, kazi yenyewe si ngumu. Chagueni majina mawili au matatu, maana la kwanza laweza kuwa limekwisha chukuliwa. Kila mkurugenzi na kila mwenye hisa awe na kitambulisho, namba ya kodi, picha ndogo, anwani ya posta, namba ya simu na mahali anapokaa. Semeni ofisi ya kampuni itakuwa wapi. Ikutha yafaa sawa na Nairobi, ilmuradi barua zikifika kuna mtu wa kuzipokea. Andikeni hisa ni ngapi, bei ya kila moja, na kila mtu amechukua ngapi. Lazima pia mtaje watu wanaonufaika na kampuni kwa kweli, yaani wenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, hata kama wamejificha nyuma ya jina jingine. Kampuni ndogo haihitaji katibu mwenye cheti mpaka mtaji uliolipwa ufikie shilingi milioni 5.

Kanuni za kampuni msizichukue zilizokwisha pigwa chapa bila kuzisoma. Humo ndimo mtakapoandika mkutano utaitishwaje, ni sahihi za nani zitakazotoa fedha benki, na mwenye hisa akifa hisa zake ziende wapi. Mtu mmoja azisome kwa sauti kwa Kikamba mbele ya wote, kifungu kwa kifungu, hata kama itachukua siku mbili.

Maombi hupelekwa kwa eCitizen. Asiye na simu ya kufaa aweza kusaidiwa katika Huduma Centre iliyoko Kitui mjini, au ya Wote kwa walio upande wa Makueni. Kwa mtu wa Ikutha ni safari ya siku nzima, kwa hiyo hakikisheni karatasi za kila mmoja zimo katika bahasha kabla ya kupanda gari, na namba ya simu ya kila mkurugenzi iwe hewani siku hiyo, maana kila mmoja ataombwa akubali kwa nafsi yake.